Niliposema Shida ni Mafuta, Mama Mkwe Alinielewa Vingine

Admin, uniwekee kisa hiki lakini ufiche jina langu na kanisa letu, maana Brussels ya Wakongomani ni ndogo. Nina miaka 27, mzaliwa wa Bukavu, mama wa watoto wawili. Tunakaa Schaerbeek. Mume wangu anafanya kazi mbali, anarudi Jumamosi. Wiki nzima nyumbani ni mimi, watoto, na mama yake, ambaye ninamwita Maman.

Kazi yangu ni kuhudumia wazee majumbani kule Auderghem. Wa kwanza ni bibi wa miaka tisini. Hawezi kutoka kitandani mpaka nifike, na zamani nilipotegemea tramu na basi nilichelewa, nikawa ninamkuta amelowa, analia. Ndiyo maana nilinunua kagari kadogo ka diesel, kametumika sana. Chef wangu wa kazi alishaniambia wazi: bila gari, wazee hawa anampa mwingine.

Sasa, Alhamisi ya wiki mbili zilizopita nilipeleka gari contrôle technique, ukaguzi wa lazima wa magari. Wakaingiza mpira kwenye bomba la moshi, wakakanyaga mafuta, mashine ikakataa. Carte rouge, kadi nyekundu. "Madame, moshi mwingi mno. Una siku kumi na tano." Zikiisha, gari halitembei tena barabarani.

Siku hiyohiyo nilikwenda kwa fundi mmoja, mtu wa Lubumbashi, mcheshi lakini mikono yake inajua. Akaniambia mazout, yaani diesel, haiungui vizuri kwa sababu ninaendesha safari fupi fupi, masizi yamejaa. Nikarudi nyumbani nimechoka, bado nina koti mwilini, Maman akauliza:

"Fundi anasema nini, mwana?"

"Shida ni mafuta, Maman. Ni mafuta tu."

Maneno hayo tu. Nikaenda kuogesha watoto.

Fundi alisafisha alichosafisha, akabadilisha filtre, chujio la hewa, akanituma barabara kuu ya autoroute mpaka karibu na Namur na kurudi ili moto uchome masizi. Jumatano nikarudi contrôle nikiwa na moyo mweupe. Wapi! Moshi ulizidi wa kwanza. Nililia palepale kwenye foleni, mtoto mgongoni, watu wananiangalia.

Kesho yake fundi akafungua filtre ya mazout. Akanusa. Akanusa tena. Akaniita.

"Petite sœur, kuya hapa. Weye unauzishaka beignets?"

"Maandazi gani, tonton?"

"Basi nani anakaangia mu hii motokari? Hii si mazout peke. Mulitia mafuta ya kupikia!"

Nikaapa kwa watoto wangu kwamba sijatia. Akacheka, "Alors, ni motokari ilijiendea ku soko," lakini niliona haniamini. Nikampigia mume wangu simu, nikamgombeza bure, naye akaapa. Tukakatiana simu kwa hasira.

Ijumaa sikuwa na kazi. Nilitoka kununua maziwa, nikarudi haraka kuliko nilivyosema. Kwenye kona nikamwona Maman kando ya gari. Amejifunga kitambaa kichwani kama anakwenda kanisani, mkono mmoja juu ya gari, midomo inatembea. Ufunguo wa gari unaning'inia kwenye kifuniko cha tangi, na mkono wa pili unamimina ndani. Chupa niliitambua. Ni mafuta ya zeituni yaliyoombewa na wamama wa kikundi chake cha maombi, yale anayowapakaga watoto wangu kwenye paji la uso wakiwa na homa.

Nilikaa kwenye kituo cha tramu mpaka akaingia ndani.

Siku hiyo mezani hakula. Nikamuuliza.

"Niko mu jeûne, mwana, ninafunga. Vendredi tatu. Mbili imeisha, inabakia moya tu. Ulisema shida ni mafuta, ao hapana? Mungu iko na mafuta yake."

Neno nililitupa mimi mwenyewe, sikulieleza, akaliokota kwa imani.

Jumamosi fundi akamwaga tangi lote, akaosha, akaweka filtre mpya. Anasema sasa itapita, mradi isiingie kitu kingine. Contrôle ni kesho, Ijumaa, saa nane mchana. Siku ya mwisho. Na ni Ijumaa yake ya tatu.

Mume wangu anasema, "Ficha ufunguo asifungue tangi, funga kinywa. Mama yangu utamuua kwa haya." Lakini nikificha na gari likapita, atasimama kanisani kushuhudia kwamba ni ile chupa, na wamama wote wataanza kumimina kwenye magari ya waume zao. Nikimwambia, atasikia kwamba nimeita maombi yake moshi. Mwanamke huyu ana magoti mabovu, lakini kila siku saa kumi na moja alfajiri ndiye anayeamka na watoto wangu ili mimi niende kuinua bibi wa watu. Kumdanganya sitaki. Kumvunja pia sitaki. Na kazi siachi.

Leo mchana ameniuliza kwa upole, "Mwana, ufunguo haiko ku musumari. Iko wapi?"

Nikasema, "Iko kwa fundi, Maman."

Akanikumbatia. "Usiogope. Kesho inaisha." Akanibana kifuani kwa nguvu, na ufunguo ulikuwa palepale, ndani ya sidiria yangu. Mimi uliniumiza. Sijui kama yeye aliusikia. Aliniachia taratibu, akaenda kumenya viazi.

Wapendwa, hasa ninyi mlio na mama mkwe ndani: kesho kabla ya saa nane lazima niseme naye. Nianze na neno gani, ambalo halitaeleweka vingine?