Miaka Miwili ya Kuitwa Dokta

Nakumbuka siku mtu aliponiita dokta kwa mara ya kwanza. Nilikuwa nimesimama nyuma ya kaunta ya duka la dawa baridi, Kariakoo, kwenye mtaa mmoja unaotokea Msimbazi, na nilikuwa na wiki mbili tu kazini. Mama mmoja mwenye mtoto mgongoni aliinama dirishani akasema, "Dokta, huyu anaharisha tangu juzi, nimpe nini?" Nikageuka kumtazama anayeitwa. Hakukuwa na mtu, mwanangu. Nilikuwa peke yangu na maboksi ya dawa.

Ningepaswa kumwambia, "Mama, mimi muuzaji tu." Badala yake nilikunja uso kama mtu anayefikiri, nikamwambia ampe maji yenye chumvi na sukari, nikamwuzia na vidonge juu yake. Mtoto alipona. Siku ya tatu mama yule akarudi kunishukuru mbele za watu. Kwa mtoto ilikuwa heri. Kwangu mimi ilikuwa balaa, maana hapo ndipo kichwa kilipoanza kuvimba.

Nakusimulia haya kwa sababu jana ulikuja kunionyesha matokeo yako kwenye simu huku umeziba kioo kwa kidole gumba. Nilikuona. Nilijifanya natafuta miwani ili upate muda wa kukiondoa kile kidole, hukukiondoa. Ukasema, "Babu, si mabaya sana," kisha ukaniuliza habari za mguu wangu. Mama yako naye kila akipita hapa barazani ananiambia mtoto wake anakwenda kusomea udaktari. Kwa hiyo nikajua nyumbani kwenu kuna mtu anayekula chakula na wenzake huku ana jambo amelimeza. Najua ladha ya chakula hicho.

Mimi nilimaliza kidato cha nne kule Masasi nikapata daraja la nne. Biolojia D, Kemia D, Fizikia F, Hesabu F. Leo nazisema hivi bila kuinama, lakini usidhani ilikuwa rahisi. Baba yangu alikuwa mwashi, na tangu aliponusurika kwa upasuaji mimi nikiwa darasa la pili, aliamua mwanawe wa kwanza atakuwa daktari. Alikuwa akiniita Daktari hata akinituma kuni. Matokeo yalipotoka nilimwambia nimepata nafasi Dar es Salaam, ya kufanya kazi ya tiba huku nikisoma. Alifurahi mno. Jumapili iliyofuata alisimama kanisani akaomba waumini waniombee safari njema, nami nikasimama mbele nikaombewa.

Basi fikiria kijana aliyeombewa namna hiyo anaishije mjini. Nilipanga chumba Buguruni. Watu wa kwetu walikuwa tele pale, wengine nilisoma nao, na Jumapili walikuwa wakikutana baada ya ibada, wanapika ugali, wanachambua habari za nyumbani. Mimi nilihamia kanisa la mbali nisikojulikana na mtu, nikawa nakaa benchi la nyuma. Mchana nilikuwa nakwenda Feri, kwenye mnada wa samaki. Sikununua hata dagaa. Nilikwenda kusikia watu wakibishana, nirudi chumbani na sauti zao masikioni. Nikimwona mtu wa Masasi kwa mbele, nilivuka barabara. Nilikuwa na miaka ishirini, na katika jiji zima hakukuwa na mtu hata mmoja niliyeweza kumwambia siku yangu ilivyokuwa.

Mwenye duka alikuwa Mama Anna, muuguzi wa hospitali ya serikali, mfupi, mkali, asiyependa maneno mengi. Siku aliyoniajiri aliniambia kazi yangu ni kuuza kilichoandikwa kwenye cheti cha dawa, na asiye na cheti nimwelekeze hospitali. Asubuhi akiwepo nilifuata. Mchana akienda zamu, nilikuwa dokta.

Baada ya mwaka mmoja hivi, aliniletea fomu ya chuo cha wasaidizi wa maabara. Alikuwa ameshauliza, D zangu mbili zilikuwa zinatosha. "Jaza hii, Osmundi," aliniambia. "Ni mwanzo." Unajua nilimjibu nini? Nilimwambia mimi sikuja Dar kuja kushika mikojo ya watu. Akaiacha fomu juu ya kaunta akaenda zake. Tarehe ya mwisho ilipita fomu ikiwa haina hata jina. Nilikuwa nimejipangia kurudia mtihani, nipate alama za juu, niende chuo kikuu, niwe daktari kamili au nisiwe kitu. Vitabu vya kurudia mtihani nilivinunua. Kuvifungua ndiko kulikonishinda, maana kila nikivigusa vilikuwa vinanikumbusha kwamba mimi si dokta, na dukani nilikuwa dokta tayari.

Mtu pekee aliyenizoea alikuwa mpangaji mwenzangu, Bi Tatu, mjane mtu mzima, mzaliwa wa hapa hapa Dar, aliyekuwa akipika vitumbua kila alfajiri na kuuza nje ya nyumba yetu. Mwezi wa Ramadhani hakuacha kunigongea wakati wa futari, ingawa alijua mimi Mkristo. "Dokta, njoo ule, usifuturu na ukuta," alikuwa akinitania. Nikirudi kazini nilikuwa naketi naye barazani, ananieleza maumivu yake ya mgongo, namweleza dawa. Nakiri, mwanangu, yale mazungumzo ndiyo yaliyokuwa yakinirudisha nyumbani jioni.

Ikafika wakati akaanza kukonda. Akawa anakunywa maji mengi na kwenda chooni kila mara. Nikamwambia ni mkojo mchafu, nikamletea vidonge. Akasema macho yanaona ukungu, nikamwambia ni uchovu wa moshi. Kisha akapata kidonda kidogo kati ya vidole vya mguu, kidonda cha kuchekesha kwa udogo wake. Nikamletea kapsuli za rangi mbili na dawa ya zambarau ya kupaka. Hakikupona. Nikabadili dawa. Kikapanuka. Miezi minne, mwanangu, nilikuwa nabadili dawa. Wiki ya pili tu nilishajua moyoni kwamba sijui ninachokifanya. Lakini kumwambia "nenda hospitali" kungekuwa kumwambia kwamba aliyekuwa akimtibu si daktari, na mimi sikuwa tayari kumpoteza mtu pekee aliyekuwa akiniita.

Siku moja asubuhi vitumbua havikupikwa. Tulimkuta kitandani hajitambui vizuri, mguu umevimba na unanuka. Tukambeba na majirani hadi kwenye teksi, tukampeleka hospitali.

Kule waliniambia nipeleke kichupa cha mkojo maabara. Kijana aliyekuwa dirishani alikuwa rika langu. Alidondosha matone kwenye dawa ya bluu, akaichemsha juu ya moto, na mbele ya macho yangu ile bluu ikageuka ikawa rangi ya tofali. "Huyu ana sukari," akasema, "na ni ya siku nyingi." Akaandika kwenye karatasi, akapokea kichupa cha mtu mwingine. Sidhani hata alijua alichonifanyia. Jambo ambalo mimi dokta wa Kariakoo nililikosa kwa miezi minne, yeye mshika mikojo alilipata kabla sijapata pa kukaa.

Niliporudi wodini Bi Tatu alikuwa amezinduka kidogo. Muuguzi alimwuliza ni nani alikuwa akimtibu. Akaninyooshea kidole, akasema, "Mwanangu huyu, ni dokta."

"Dokta wa hospitali gani?" muuguzi akaniuliza.

Nikatazama sakafu. Nadhani alielewa, kwa sababu hakunifokea. Alisema kwa sauti ya chini, "Ungemwambia tu kwamba hujui." Kisha akanipa mgongo akaendelea na kazi yake. Nimewahi kutukanwa katika maisha yangu, na matusi yote nimeyasahau. Hayo maneno sijayasahau.

Mguu ulikatwa chini kidogo ya goti. Alipotoka, kaka yake alimchukua kwenda kuishi naye Temeke, na chumba chake kikapangwa na fundi cherehani ambaye hatukusalimiana zaidi ya salamu. Nilikuwa nikirudi kazini naipita ile baraza haraka haraka.

Nilimweleza Mama Anna yote nikitegemea atanifukuza. Nilitaka anifukuze. Akasema kunifukuza kutakuwa kunirahisishia. Alinipa adhabu yake mwenyewe: kila mteja atakayeniita dokta, nimjibu kwa sauti kwamba mimi ni muuzaji, mpaka yeye anisikie huko stoo. Nilifanya hivyo mwaka mzima. Wateja wengine walicheka, wengine waliacha kuja. Cha ajabu, walio wengi walisema tu, "Haya, basi niuzie hii." Mimi nilikuwa nimedhani dunia itasimama.

Mwaka uliofuata nilimwomba Mama Anna fomu mwenyewe. Nikaandika na barua kwa baba, nikamtajia alama zangu zote nne na jina la kozi. Hakujibu. Baada ya miezi kadhaa mtu wa kwetu akaniletea mfuko wa korosho kutoka kwake, bila barua. Mpaka leo sijui kama ulikuwa msamaha au ulikuwa mfuko wa korosho tu, maana alifariki kabla hatujaliongea. Nilizila chumbani peke yangu, kidogo kidogo, sikutaka ziishe.

Nilipomaliza chuo nikapata ujasiri wa kwenda Temeke. Ilikuwa imepita karibu miaka mitatu, na mtu aliyenilisha sikuwa nimekwenda kumjulia hali. Nilimkuta kwenye mkeka, mguu mmoja, anachambua mchele. Nikamwamkia, akaitikia. Nikamwambia, "Bi Tatu, nimekuja kukuambia ukweli. Wakati ule sikuwa daktari. Nilifeli."

"Nilijua, baba," akasema, hata hakuacha kuchambua. "Mimi mtoto wa mjini, nishindwe kumjua muuza duka?"

Nikamwuliza, sasa kwa nini alikunywa dawa zangu. Akauweka mchele pembeni. Kisha akasema, "Hospitali nilikuwa naiogopa. Na wewe, nikikuita dokta ulikuwa unakaa barazani hata saa nzima. Nisipokuita, unaingia ndani unafunga mlango. Nikaona na mimi nina nani?"

Nililia pale, mtu mzima nina cheti mfukoni. Tulikuwa wapweke wawili tumekaa baraza moja, kila mmoja anaogopa kumwambia mwenzake neno moja la kweli lisije likamwondoa, na gharama yake ikawa mguu wake. Nilikuwa nikimtembelea kila mwisho wa mwezi hadi alipofariki. Niliacha kumletea dawa. Nilikuwa namletea matunda anayoruhusiwa, na stori.

Nimefanya kazi maabara mpaka nimestaafu. Kutoka cheti nilikwenda diploma, na njiani Kemia niliirudia nikaipata. Daktari sikuwa. Kuna siku, sikufichi, nikiwaona wamepita na makoti yao nilikuwa nasikia kitu kinanichoma, na sasa uzeeni bado kinachoma kidogo. Yupo mzee atakayekuambia hakuna tofauti. Ipo. Ila wagonjwa niliowapima walikuwa wagonjwa wa kweli, na majibu niliyowapa yalikuwa ya kweli, nami nikilala nalala.

Sasa nisikilize, mwanangu. Leo hii, kabla hujatafuta chuo chochote, keti na mama yako umsomee alama zako zote, na ile uliyoiziba kwa kidole usiipitie haraka. Atakasirika, atanuna siku mbili tatu, mvumilie. Kisha nenda kwenye chuo chenyewe ukaulize wanataka alama gani, usiulize vijiweni, na uhakikishe kimesajiliwa, maana wapo wanaowauzia watoto wenye alama kama zetu karatasi zisizo na kazi. Uuguzi, maabara, dawa, utabibu, vyote vina ngazi ya cheti. Nenda ukaone watu wanaozifanya hizo kazi wakiwa kazini, ujiulize ipi unaweza kuifanya hata pasipo mtu wa kukusifia. Ukitaka kurudia mtihani, rudia, lakini fungua hivyo vitabu kweli. Na kama huko mbele utakuwa daktari, nitakuwa wa kwanza kuja unipime huu mguu unaouulizia kila mara. Ila usikubali kuitwa jina ambalo bado hujalisomea, hata kama anayekuita anakupenda. Ukiona huwezi kumwambia mama yako leo, njoo twende wote, mimi nitakaa pembeni tu.

Mungu akufungue kinywa, mwanangu. Akupe kazi utakayoijua vizuri, na watu wa kula nao wanaokujua ulivyo. Na asikuache ukae peke yako kwa sababu ya jambo ambalo ungeweza kulisema. Amina.