Nilivyompeleka baba mkwe Nairobi kwa ndege, mimi na leso ya mama mkwe

Wakuu, hamjambo humu ndani. Mimi ni nyanya yenu, nimepita miaka tisini, na haya nimeyaona kwa macho yangu mawili kabla hayajaanza kuniangusha. Mjukuu ndiye alinifungulia akaunti. Naandika kwa kidole kimoja, kwa hivyo msinikimbize.

Jana nilisoma hapa uzi wa binti mmoja anayesomea kuhudumia wagonjwa mahututi ndani ya ndege. Alikuwa anataja mashine zake, hii inapima pumzi, hii inapima damu, nikacheka peke yangu.

Bana, mimi hiyo kazi niliifanya mara moja tu, miaka ya hamsini. Mashine yangu ilikuwa chupa ya maji na kiganja.

Wale wa "picha iko wapi", hakuna picha. Chukueni hivyo hivyo.

Nilikuwa nesi msaidizi kwenye hospitali moja Kitale. Nilikuwa nimeolewa Kimilili na mwaka ulikuwa haujaisha. Mume wangu alikuwa mwalimu huko nyumbani, na baba yake alikuwa nyapara kwa mzungu mmoja mwenye shamba mahali panaitwa Kwanza, karibu na Kitale.

Siku moja mzee akifunga nira, dume la ng'ombe likamsukuma likambana kwenye nguzo ya boma. Mbavu zikavunjika, moja ikatoboa pafu. Hewa ikawa inavujia ndani ya kifua na kulibana pafu lenyewe.

Akaletwa kwetu. Daktari akamtoboa ubavu wa kushoto akaingiza mpira mwembamba, na mwisho wa mpira akauzamisha kwenye chupa ya maji iliyowekwa sakafuni. Hewa mbaya inatoka kwa mapovu, na haiwezi kurudi. Mgonjwa akipumua, maji ndani ya mpira yanapanda na kushuka. Sisi tulikuwa tunasema maji yanacheza.

Maji yakicheza, tulia. Maji yakisimama na mtu anahema, kimbia.

Lakini lile tundu la pafu likakataa kuziba. Daktari akasema lazima apasuliwe Nairobi. Barabara ilikuwa matope matupu, na gari lingemrusharusha mpaka afe. Yule mzungu wake alikuwa na kindege kidogo cha kwenda kununulia vipuri. Akasema atampeleka mwenyewe.

Ndani kulikuwa na nafasi ya rubani, mgonjwa alale chini, na mtu mmoja tena, tena mwembamba. Sista mkuu alikuwa mama wa mwili mkubwa, Mungu amrehemu. Daktari akazungusha macho wodini, akanionyesha mimi kidole.

Wueh!

Kama wewe si wa kwetu, ngoja nikueleze. Mke wa mwana hamgusi baba mkwe. Unamsalimia kwa mbali, macho chini. Mkikutana njiani unampisha. Kula mbele yake, hata usijaribu. Si chuki, ni heshima, na yeye pia anakukwepa vilevile kwa sababu anakuheshimu. Hata pale wodini wenzangu ndio walikuwa wanamgeuza na kumwosha. Mimi nilikuwa naangalia chupa tu, halafu naenda.

Nikamwambia daktari, huyu ni baba mkwe wangu. Akanijibu, "Vizuri sana, basi utamwangalia kwa moyo." Ningefanyaje? Hakuelewa hata kidogo.

Nikatoka nje kwa mama mkwe, ambaye alikuwa amekaa kwenye nyasi karibu na jiko la hospitali tangu siku walipomleta mzee. Nikamwambia, kama tunavyowaita mama zetu, "Mayi, wanataka niende naye. Na huko nitalazimika kumshika."

Akafungua leso yake begani, akanipa.

"Ukimshika, shika na hii katikati. Na umrudishe, mwanangu. Sina mwingine."

Mpaka leo nalisikia hilo neno "sina mwingine". Alikuwa na watoto saba, lakini nilijua anasema nini.

Daktari alinifundisha haraka haraka tukielekea uwanjani. Alisema ndege ikipanda, hewa iliyofungiwa kifuani inavimba kama unga wa mandazi, kwa hivyo rubani asipande juu kuliko lazima. Chupa isiinuliwe kamwe kupita kifua, maji yasije yakarudi ndani. Na hiyo stethoscope ya kusikilizia kifua niiache, kwa sababu injini itanifanya kiziwi. "Tumia macho na mkono," akasema. "Tazama midomo. Weka mkono kifuani, usikie pande zote mbili zinainuka."

Na rubani tukapatana kwamba nikimgonga bega mara mbili, ashuke.

Tukafunga chupa sakafuni kwa kamba. Mzee akalazwa, mimi nikajikunja kuume kwake, leso kichwani, uso nimegeuza dirishani kama mke mwenye adabu. Kila mara naiba jicho kwa chupa. Maji yanacheza. Chini naona mashamba ya mahindi yamepangika kama mkeka, na kusema kweli nilianza kufurahia. Si mimi ndiye wa kwanza kijijini kupanda ndege!

Tulipofika ukingo wa Elgeyo tukakuta mawingu yamekaa juu ya vilima. Rubani akapanda.

Nikatazama chupa. Maji yamesimama.

Nikainuka nikamchungulia mzee kwa juu. Shingo imevimba mishipa, anahema kama mtu aliyekimbizwa na nyuki, na midomo inakuwa rangi ya zambarau. Nikamgonga rubani mara mbili. Akatikisa kichwa, akanionyesha mbele. Kuna mlima hapo ndani ya mawingu, hawezi kushuka.

Nikaomba, nikakagua mpira kuanzia chupani kwenda juu. Hakuna mahali palipochomoka. Ukafika mahali ukapotelea chini ya ubavu wake.

Hapo ndipo nikaelewa. Mzee wa watu alikuwa amejigeuza. Alikuwa anaona aibu kulala akiangaliana na mke wa mwanawe ndani ya kitu kidogo vile, akanipa mgongo, akalalia ubavu wa kushoto, juu ya mpira wake mwenyewe. Mpira ukakunjika. Heshima ilikuwa inamuua, na mimi nimekaa hapo natazama dirisha kwa heshima yangu!

Nikamvuta bega. Akajikaza. Na ule ugonjwa wote, bado alikuwa anakataa nisimwone uso.

Nikatoa leso, nikaizungushia mkono kama nilivyoambiwa, nikamgeuza kwa nguvu na kuunyoosha mpira. Maji yakaruka mara moja, mapovu yakatoka. Nikamwekea mkono kifuani nisikie kama upande wa kushoto unainuka.

Sikusikia kitu. Leso ilikuwa nzito, ndege inatetemeka, vyote vinatetemeka pamoja. Na yeye tayari alikuwa anaanza kujigeuza tena.

Wakuu, nililia. Nilikuwa na miaka ishirini na kitu. Nilimwona akilini mama mkwe pale kwenye nyasi.

Nikaitoa ile leso mkononi, nikamfunika nayo macho. Macho tu. Midomo niliiacha wazi niione rangi. Nikainama sikioni nikapiga kelele, "Baba, haunioni! Na mimi sikuoni! Lala chali!"

Halafu nikaweka kiganja kitupu kifuani kwake.

Akatulia. Mwili wote ulilegea kama mtoto aliyebebwa. Upande wa kulia ukainuka, na wa kushoto ukafuata, kidogo, halafu zaidi. Tulipotoka kwenye mawingu rubani akashuka bondeni, na midomo ikarudi rangi yake. Mkono sikuutoa. Tulipita Nakuru, tukapita ziwa, mkono uko pale pale, umekufa ganzi. Tulipoanza kushuka Nairobi akashika masikio, nikamwambia ameze mate, akameza, leso bado machoni.

Alipasuliwa, akapona, akarudi nyumbani kwa treni.

Maneno nayo hayakukosa. Ati mke wa mwalimu amemshika mzee kifua. Wazee wakaitana. Mume wangu aliniambia baba yake aliwasikiliza wote mpaka mwisho, halafu akauliza, "Kule juu kuna boma la nani?" Mila ni ya boma, na angani hakuna boma. Akachinja kondoo, wakala, maneno yakaisha.

Na sisi tukarudia kukwepana njiani vilevile, kana kwamba hakuna kilichotokea. Ila kila mavuno, gunia la kwanza lilikuwa linaachwa mlangoni kwangu. Hakuna aliyesema limetoka kwa nani.

Alizeeka sana yule mzee. Mama mkwe alitangulia. Siku ya mzee ilipofika ilikuwa mchana, jua limejaa chumbani, watoto wake wote wamesimama. Pumzi ilikuwa inakatika. Akauliza niko wapi.

Nikaingia, macho chini. Leso ya mama mkwe nilikuwa nimejifunga, kwa sababu aliniachia. Nikaishika nikitaka kumfunika macho kama siku ile, asione haya.

Yeye mwenyewe akaushika mkono wangu, akauweka kifuani kwake.

"Leo usinifunike," akasema. "Nataka nimwone aliyenishika."

Nikainua macho. Ndiyo mara ya kwanza tulitazamana. Upande wa kulia ukainuka, wa kushoto ukafuata, mpaka pande zote mbili zikatulia.

Binti yangu wa ule uzi, mashine zako ni nzuri, zitumie. Lakini kabla hamjaruka, muulize mgonjwa wako anaona haya ya nini, na kwa nani. Mtu anaweza kufa kwa aibu huku vipimo vyote viko sawa.

Nimechoka kidole. Mliowahi kumuuguza mkwe, mlifanyaje na mila zenu? Andikeni hapa chini, mjukuu atanisomea kesho nikishakunywa chai.