Gazeti Nililomsomea Babu Bila Kulielewa

Gazeti la Kiarabu lilikuwa likifika Kiomboi likinuka vitunguu. Lilivuka bahari kwa meli, likapanda treni, kisha basi la Singida likalibeba juu ya magunia ya vitunguu, na lilipotufikia ungeweza kuungia nalo mboga ya mlenda na majirani kumi wakaomba sahani. Babu yangu Nasoro, Mwarabu wa duka aliyeoa Mnyiramba akasahau kurudi kwao, alilinusa kwanza, ndipo akanikabidhi mimi. Macho yake yote mawili yalikuwa na mtoto wa jicho.

Miaka ile watu walikuwa wamehamia kijiji cha ujamaa, na wateja wakahamia duka la ushirika. Kwetu palibaki kimya hata kuku walitembea kwa kunyata. Bibi alikwisha kufariki. Tulikuwa wawili tu, babu na mimi, binti wa miaka tisa niliyejifunza herufi za Kiarabu kwenye chuo cha Kurani. Kusoma nilijua; ila kuelewa, hata neno la kuombea maji sikuwa nalo. Tena gazeti halina irabu kama msahafu, basi nilijikwaa kila mstari, naye ananiinua: "Rudia hapo, mama. Umemvunja waziri mguu!" Alicheka peke yake, akasikitika peke yake, nami nimekaa mbele yake kama redio isiyojisikia.

Alichongoja kilikuwa kimoja: makala ya mdogo wake Hamudi, mwandishi wa gazeti hilo. Barua hazikuja, makala ndiyo iliyokuwa salamu. Jina lake likiwapo, basi Hamudi yu hai, na hajafungwa.

Siku moja nilimsomea tangazo, akanieleza: serikali ya kule imelitwaa gazeti, sasa litasema itakacho. Sikushangaa sana, hata kwetu siku zile redio na gazeti vilisema kwa kinywa kimoja. Toleo lililofuata lilikuja na picha ya bwana mwenye medali, pana kama mlango wa ghala. Jina la Hamudi nikalitafuta mbele, nyuma, mpaka kwenye matangazo ya sabuni. Asiyekuwapo na lake halipo.

"Hamudi kasemaje?" babu akauliza, ameshasogeza kiti.

Nikavuta gazeti la zamani chini ya mkeka, lenye makala ya Hamudi, nikasoma kwa sauti ya ushujaa. Njia ya mwongo ni fupi; yangu haikufika hata mstari wa tano.

"Mvua hii anayoiandika si ulishanisomea kabla ya Ramadhani?"

Nikaanza kulia. Babu akapapasa hewani mpaka akakipata kichwa changu.

"Kumbe hayumo," akasema. Kisha akaongeza: "Haya, malizia. Mtu akiongea hakatizwi."

Tangu hapo matoleo mapya hatukuyafungua. Tulisoma lile moja la zamani tu, mpaka likachanika kwenye mikunjo, na babu akazikwa bila kujua habari za ndugu yake.

Ukubwani nilimaliza shule ya jioni, na cheti changu nimewaonyesha watu wote wa Iramba na nusu ya ng'ombe wao. Leo simu hunimwagia habari za dunia nzima kabla uji haujachemka, nami nazielewa zote. Ila nikizisoma kwa sauti, hakuna anayesogeza kiti.