Pikapu Niliyoitia Rangi Nyekundu

Pikapu ya baba yangu ilikuwa ya Kimarekani, ya zamani, yenye injini ya silinda nane na boneti pana kama meza ya karamu. Mlio wake ulikuwa ukifika nyumbani kabla yake. Sisi watoto tulikuwa tukiusikia tangu inapokata kona ya msikiti, na Mama akisema, "Haya, tandikeni, baba yenu huyo." Ilizaliwa na rangi ya maziwa, lakini mimi nilipopata akili ilishakuwa rangi ya mchanga, kwa jua na chumvi ya pwani ya Sib, hapa Omani.

Baba aliiona mara ya kwanza bandarini Mutrah, alikokuwa karani. Yeye na Mama walikuwa hawajakaa sana tangu watoke Unguja, na Kiarabu chake kilikuwa bado kikimkwama mbele ya watu. Gari lilishushwa melini kwa ajili ya mhandisi mmoja wa kigeni, na yule mhandisi aliporejea kwao, Baba akalinunua. Mama alipoliona langoni mwa nyumba, alishika kiuno.

"Hili gari au nyumba? Mimi ntapandaje humu?"

Baba akamwekea kigoda. Mama alikikanyaga muda wa wiki chache tu, kisha akajifunza kujirusha kama msichana, baibui na yote.

Ndani mlikuwa na kiti kimoja, kirefu, kutoka mlango huu hadi mlango ule. Baba alikaa kwenye usukani, Mama katikati, na mlangoni alikaa yeyote kati yetu aliyeshinda ugomvi wa siku ile. Waliobaki walipanda nyuma kwenye bodi, wakila upepo. Mama hakukubali hata siku moja kukaa mlangoni. Alisema anaogopa mlango usije ukafunguka. Mlango ule haukuwa na kasoro yoyote, na sote tulijua, lakini hakuna aliyewahi kumwambia.

Siku moja tulikuwa tunakwenda harusini, Mama amepakata chetezo chenye makaa, kwa sababu hakutaka udi wake upoe njiani. Mbuzi akakatiza barabara. Baba akakanyaga breki, kaa la moto likaruka, likatua kitini baina yao, na kabla hawajalizima likatoboa tundu la kutosha kuingiza ngumi. Baba alikasirika. Mama alicheka mpaka wanja ukamchuruzika mashavuni. Kesho yake akakata kanga kuukuu akaliziba tundu, na kwa kuwa kiraka peke yake hakikumpendeza macho, akaendelea kushona mpaka kiti kizima kikavaa kanga. Kanga ile ilipochakaa akashona nyingine juu yake, na nyingine juu ya hiyo. Mwisho kiti kilikuwa kinene, laini, na kilinuka udi hata madirisha yakiwa wazi.

Mama alipofariki, Baba aliacha kuendesha. Macho yalikuwa yameanza kumsaliti, na kabureta nayo ilikuwa imechoka. Pikapu ikawekwa uani chini ya banda la makuti, na kila baada ya Alasiri Baba alikuwa akitoka na bakora yake, akifungua mlango wa dereva, akipanda na kukaa. Alikaa mpaka Magharibi inapoadhiniwa. Nikija kumtazama baada ya kazi, nilikuwa nikimkuta mle, mlango wazi, kiatu kimoja kimemvuka.

Mimi nilimwona vile nikajiambia: mzee anatamani gari lake litembee.

Lazima niseme kwamba na mimi nilikuwa na tamaa yangu. Miaka hii pikapu za zamani za Kimarekani zimerudi kupendwa hapa Maskati. Usiku wa kuamkia Ijumaa watu huzileta kwenye uwanja mmoja wa kuegesha magari karibu na pwani, zimepakwa rangi za kung'aa, vyuma vimesuguliwa mpaka unajiona usoni, na zikiwashwa kifua kinatetemeka. Nilikuwa nikienda kuzitazama. Mara nyingi nilikuwa mwanamke peke yangu pale, mtu mzima mwenye wajukuu, nimesimama na chai ya maziwa mkononi, nikisikiliza injini kama wengine wanavyosikiliza taarabu. Mlio ule ulinirudisha kwenye kona ya msikiti, kwenye sauti ya Mama akisema tandikeni. Na nilikuwa nikifikiri: yetu ni nzuri kuliko zote hizi, na imelala chini ya makuti.

Nikamwambia Baba nataka kuitengeneza.

"Liache, mama," alisema. Baba hutuita hivyo mabinti zake. "Lishazeeka, kama mimi."

"Baba, ntalifanya lirudi kama jipya."

Akafikiri kidogo. "Basi injini tu. Injini inatosha."

Niliyasikia maneno yale kama watoto wanavyosikia maneno ya wazee wasiotaka kusumbua watu. Ukimkaribisha mzee chakula atasema ameshiba, na wewe utampakulia. Na mimi nikampakulia.

Gari likaenda gereji, likakaa huko miezi. Injini ilifunguliwa yote. Kisha nikaona haya kuitia injini nzima kwenye bodi yenye kutu, nikaagiza bodi isuguliwe na kupakwa rangi. Nilichagua nyekundu, nyekundu ya komamanga, kwa sababu ndiyo iliyokuwa ikipendeza kuliko zote kule pwani. Nikatia magurudumu makubwa. Halafu nikaletewa picha za viti, nikachagua viti viwili vya ngozi nyeusi, kila mtu na chake.

Siku moja nimo kikaoni kazini, simu ikaita. Alikuwa fundi wa viti. Akaniuliza, kwa Kiarabu chake cha gereji, kile kiti cha zamani na vitambaa vyake avifanye nini, maana vimejaza mahali. Wenzangu walikuwa wananitazama, wananingoja. Nikamjibu kwa sauti ya chini, "Tupa."

Akauliza tena, "Vyote?"

"Vyote, tupa."

Nikaweka simu chini, nikaomba radhi, tukaendelea na kikao. Sikumbuki hata kilikuwa kikao cha nini.

Siku ya kulirejesha nililiendesha mwenyewe mpaka Sib. Watu njiani walipunga mikono. Nilipokata kona ya msikiti nilikanyaga mafuta makusudi, lingurume, na nikawa nalia na kucheka pamoja. Dada yangu mkubwa, anayekaa Mawaleh, alikuwa ameshakuja na mapera na zabibu za kumfanyia Baba sherehe. Majirani walitoka. Baba akatoka naye, kanzu nyeupe, bakora mkononi, akasimama kizingitini.

Alilizunguka taratibu. Akapapasa boneti. Pale ubavuni, mahali palipokuwa pamebonyea tangu siku Mama alipogonga nguzo, Baba akimfundisha kuendesha, alipitisha kidole mara mbili, akaona pamenyooka. Kisha akafungua mlango wa dereva, akachungulia ndani.

"Na hapa katikati?" aliuliza.

"Pa kuwekea vikombe, Baba. Na simu."

"Aa," alisema. "Vikombe."

Nikaona. Mambo mengine unayaona ghafla, huku watu wanapiga makofi. Pale alipokaa Mama miaka yote palikuwa na kisanduku cheusi chenye matundu mawili.

Baba akafunga mlango kwa upole. "Mashallah, limependeza," akasema. "Limependeza sana. Mungu akubariki." Akarudi ndani kuwakaribisha watu kahawa.

Siku ile baada ya Alasiri hakutoka uani. Wala kesho yake. Alikaa ukumbini mbele ya televisheni iliyozimwa sauti, na nilipomwuliza kama anaumwa alisema hapana, joto tu.

Nikaenda kwa dada yangu. Alikuwa jikoni akikuna nazi. Nilimweleza, na hakusitisha mkono.

"Kwani wewe hukujua?" aliniuliza. "Baba alikuwa akizungumza na Mama mle."

"Akizungumza vipi?"

"Kama watu wanavyozungumza. Anamweleza nani kaposa, nani kafa, bei ya samaki. Nimemsikia mara nyingi nikileta matunda. Nilikuwa nangoja amalize ndipo nakohoa."

"Mbona hukunambia?"

Hapo ndipo mkono ulipotulia. "Ulisema unatengeneza injini."

Nilitoka pale moja kwa moja mpaka gereji. Fundi wa viti alinikumbuka, akafurahi, akadhani nimeleta kazi nyingine. Nilipomwuliza kile kiti kiko wapi, akanyoosha mkono kuelekea pipa kubwa la taka lililo nje. Pipa lilikuwa tupu. Lilikuwa limeshachukuliwa na kurudishwa sijui mara ngapi. Nilisimama pale nikiiangalia sakafu yake, kama kwamba kipande cha kanga kingeweza kuwa kimenasa mahali. Fundi wa watu akaniletea chupa ya maji, akaniambia nisikae juani.

Njiani nikapata fikra. Nikampigia dada yangu, nikamwambia ntatafuta kiti kirefu cha aina ile ile, ntakitoa hata Marekani, na sote wawili tutatoa kanga za Mama zilizobaki sandukuni, tukishone kama kilivyokuwa.

"Sasa," dada yangu alisema, "utamtengenezea Baba Mama mwingine?"

Nilisimamisha gari kando ya njia.

"Muache mzee apumue. Usimtengenezee kitu tena."

Nilikwenda kumwomba Baba msamaha. Nilikaa chini kwenye zulia, karibu na miguu yake, nikasema yote: ile simu, neno nililolisema, pipa. Nilisema nilijua alitaka injini tu, nikajifanya sikusikia. Alinisikiliza akiwa anageuzageuza tasbihi.

"Unaniomba msamaha kwa lipi?" aliuliza. "Umenitendea wema."

"Baba, nimekitupa kiti cha Mama."

"Kitambaa kile," alisema, na akatazama mkono wake. "Kilikuwa kishachakaa."

Ningependa angenigombeza. Nilikuwa nimejitayarisha kugombezwa. Badala yake alinishika kichwa, akanisomea, kama alivyokuwa akitusomea tukiwa na homa, na mimi nikazidi kujiona mdogo na mbaya.

Ijumaa iliyofuata, baada ya sala, alitoka chumbani amevaa kanzu ya pasi na kilemba chake kizuri. "Haya, mama," alisema, "nipeleke Mutrah na gari letu."

Kupanda kulimshinda. Magurudumu makubwa niliyoyatia yalikuwa yameliinua gari, na miguu yake haikufika. Nilimsukuma kwa bega, jirani akamshika mkono, na mwisho akaingia, amekunjamana, akitweta. Alipotulia alitabasamu. "Kiti hiki kinashika mgongo vizuri," alisema. Tulipofika njia kuu nilimwona akijisugua kiuno upande ambao alidhani sioni.

Tuliegesha karibu na bandari. Siku hizi mizigo haishuki pale. Zinakuja meli za watalii, na siku ile ilikuwepo moja, nyeupe, ndefu kuliko mtaa. Watu walilizunguka gari letu. Vijana wawili wa Kiomani waliomba kupiga picha, na mtalii mmoja mzee akawa anatikisa kichwa na kupapasa boneti kama mtu aliyeonana na ndugu. Mmoja wa wale vijana akamwuliza Baba kwa Kiarabu gari hili amelipata wapi.

Baba akanyoosha bakora kuelekea gati. "Hapa hapa. Nililiona likining'inia kwenye winchi, nikamwambia mke wangu usiku ule nimeona gari litakalotutosha." Kisha akanigeukia mimi. "Lakini lilikuwa limekufa. Binti yangu huyu ndiye aliyelifufua. Kila kitu kachagua mwenyewe. Rangi, viti, kila kitu."

Vijana wakanipongeza. Niliitikia, nikaomba tuondoke, nikisema jua kali.

Tangu hapo kila Ijumaa ananiambia nimpeleke mahali. Mara moja alitaka Mawaleh kwa dada, mara nyingine sokoni Sib kununua jodari, na siku nyingine hana mahali, anataka tuzunguke tu. Nimemletea kigoda, anakanyaga na kushukuru. Analisifia gari mbele ya kila mtu, na kila akilisifia mimi natazama pembeni, kwa sababu namjua baba yangu. Hakuwa akipenda rangi nyekundu maisha yake yote. Anapanda kwa ajili yangu. Ameona jinsi nilivyovunjika, na ameamua, kwa umri wake ule na kiuno chake kile, kunibeba. Nilitaka kumrudishia kitu, na sasa yeye ndiye anayefanya kazi kila wiki ili mimi nisijione mkosaji.

Nilimwambia dada yangu kwamba nataka kuliuza. "Ukiliuza," alisema, "atajua kwamba hujapona, na itakuwa mzigo mwingine kwake. Endesha." Basi naendesha. Kule uwanjani pwani siendi tena. Wenzangu wa magari wamenitumia ujumbe kuuliza pikapu nyekundu iko wapi, niilete waione. Nawajibu kwamba mzee anaihitaji.

Ijumaa iliyopita tulikuwa tunarudi kutoka Mutrah, magari mengi njiani, na Baba alikuwa akinieleza habari za mtu waliyefanya naye kazi zamani. Sauti ikapungua, ikapungua, akalala. Kichwa kilimwangukia upande wa katikati, kikawa kinaning'inia pale hewani, hakuna bega la kukipokea. Nilinyoosha mkono wangu wa kulia nikamtegemeza shavu, nikaendesha kwa mkono mmoja polepole. Tulifika kona ya msikiti. Sikukata. Niliona nikizima injini atashtuka, nikaipita njia ya nyumbani, nikafuata njia ya pwani mpaka mwisho wake, nikageuza, nikarudi nayo tena.

Mara akasema, bila kufumbua macho, "Tushafika?"

"Bado, Baba," nilisema. "Lala."