Bibi Hakuitikia Salamu Yangu

Hata leo, nikipita zangu Kisesa na moshi wa kinyesi cha ng'ombe ukanifika puani, macho huanza kuniwasha kabla sijauona moto. Kwa bibi yangu tulipikia hicho, maana kuni zilikuwa mbali, na moshi wa miaka mingi ulikuwa umemfanya awe na macho mekundu. Mimi niliyazoea. Lakini jamani, kijijini kwetu macho ya namna hiyo yalihesabiwa ya mchawi, na yalitosha kumtia mtu kaburini.

Mtoto wa jirani alikufa ghafla. Mganga akamtaja bibi. Mkutano ukaitishwa, akatengwa: asisalimiwe, asipewe moto wala chumvi. Kilichofuata kutengwa kila mtu alikijua. Watu wa mapanga huja, na asubuhi hakuna aliyewaona.

"Nikimbilie wapi na miguu hii?" bibi alisema, akaendelea kuanika michembe yake ya viazi vitamu.

Mama alikuwa Nansio akiuza dagaa. Mimi nililelewa na bibi, na nilimfuata kila aendako, hata chooni nilimngoja mlangoni. Siku moja nikitoka shule nilimkuta kisimani. Wanawake walikuwa wamempisha mbali na ndoo zao. Nikapiga goti.

"Shikamoo bibi."

Kimya. Nikarudia. Akatema mate chini.

"Bibi yako nani? Mtoto mpumbavu wewe, sijakufundisha kitu na sitakufundisha! Kwangu usikanyage tena!"

Nililia mpaka kwikwi ikanishika. Mama mmoja akanishika mkono, akanipeleka kwake, nikalala huko huku nikimchukia bibi kwa moyo wangu wote. Kabla mama hajafika kutoka Nansio, walikuja wakamuua. Mazishini nilijizuia kulia. Nimlilie mtu aliyenikataa mbele za watu?

Nilikuwa nimeshaolewa mama aliponieleza. Kwetu waliamini bibi humrithisha uchawi mjukuu wa kike anayemfuatafuata, na jina langu lilikuwa limeshaanza kutajwa. Bibi alilisikia. Akachagua kisima, kwa sababu wanawake wa kisimani hawakuwahi kukaa na habari mpaka jioni, na kweli, kabla jua halijazama kijiji kizima kilijua kwamba kizee yule hamtaki mjukuu wake na hajamrithisha lolote.

Watu wa mapanga walipokuja, walimtafuta mmoja tu.