Habari za Bondeni na Ufunguo wa Bomba

Nilipokuwa nasoma masomo ya jioni Endasak, mwalimu wa historia alituuliza: mapinduzi yakitokea nchi moja, siasa za majirani zinabadilikaje? Akatupa mfano wa Ufaransa. Wafaransa walipomng'oa mfalme wao, wafalme wa jirani walilala na viatu. Wengine waliongeza askari, wengine wakawapa watu haki kabla hawajaombwa. Niliyaandika yote, sikuelewa hata punje.

Nyumbani tulikuwa na shida ya bomba. Ufunguo alikaa nao mwenyekiti wa kitongoji, mzee mwema sana ila anayependa usingizi kuliko ugali. Alifungua jua likishachoma utosi. Mama yangu, na goti lake bovu, alishuka mtoni kutafuta maji, na akirudi hana nguvu ya kwenda shamba. Magugu kwenye maharage yake yalinipita urefu.

Ndipo yakatokea ya bondeni, kwa wafugaji. Desturi yao, mwanamume akimvunjia mama heshima, akina mama hukaa kikao chao wenyewe na kumtoza dume jeusi la ng'ombe. Mjumbe mmoja wa kamati ya kisima alimsukuma mjamzito kwenye foleni. Wakamtoza. Hilo la kawaida. Jipya ni kwamba hawakutawanyika. Walikaa palepale mpaka kamati nzima ikajiuzulu, wakaingia wao. Habari ilipanda mlima kwa bodaboda, kila kituo ikiongezewa ng'ombe. Ilipofika kwetu lilikuwa zizi zima, na wanaume wote wamekimbilia Dongobesh.

Kesho yake, ukungu haujainuka, mwenyekiti akabisha hodi kwetu. Mwenyekiti! Asubuhi!

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Mama yupo?" Macho yote kwenye njia ya bondeni.

Mama akatoka na jembe begani.

"Mama, tumeona kamati ya maji inahitaji akina mama. Uwe mjumbe."

"Mjumbe anafungua bomba?"

"Hapana, ufunguo unabaki kwangu."

"Basi sina muda wa vikao. Leo nashuka bondeni kuwasalimia wale wenzangu."

Uongo mtupu. Kwa goti lile hata mtoni alifika kwa shida, sembuse bondeni. Lakini mzee wa watu alitoka jasho la kujaza debe.

"Bondeni kufanya nini tena, mama? Mbali huko!"

"Nitapumzika njiani."

Mkono ukaingia mfukoni taratibu, ukatoka na ufunguo. Mama akaupokea kwa mikono miwili, kwa heshima zote, akamwambia aende akamalizie usingizi. Mzee akacheka, na nadhani alishukuru kweli. Nami nikalielewa swali la mwalimu nimesimama na ndoo.

Bombani mama mmoja alishangaa kukuta maji yanatoka mapema hivyo.

"Jamani, nani kamwamsha mwenyekiti?"

"Wa bondeni," akajibu Mama, akakinga ndoo.