Mechi Tuliyoiangalia kwa Miguu

Mama yangu hajui kukaa. Hata kanisani, akiwa ameketi kati ya wanawake wenzake, kidole gumba cha mguu wake hucheza ndani ya kandambili kama kinatafuta njia ya kutoka. Kijijini kwetu Mollo alikuwa akila amesimama, sahani mkononi, huku akichungulia nje kuona kama mvua inakuja. Kwa hiyo mdogo wangu alipoanza kukimbia na mpira, hakuna aliyejiuliza miguu ile aliipata wapi.

Alijifunzia malishoni. Jirani zetu walikuwa wafugaji waliohamia kutoka Usukumani, na watoto wao walicheza jioni pale walipochungia ng'ombe. Uwanja ulikuwa umeinama. Upande wa kushoto ulishuka hadi kijitoni, na mpira ukitoka huko mechi inasimama mpaka mtu ateremke kuufuata. Wavulana hawakuipenda kazi hiyo, wakampa yeye kwa kuwa alikuwa mdogo, tena msichana. Yeye akaona ni afadhali auzuie kabla haujatoka. Alipofika sekondari alikuwa beki wa kushoto ambaye mawinga walimkwepa, na baadaye timu moja ya Dar es Salaam ikamchukua.

Mimi ni fundi cherehani, nina kibanda changu hapa mjini, mtaa wa Chanji. Siku aliyonipigia simu nilikuwa natia zipu kwenye sketi ya mteja.

"Dada," akasema kwa sauti ndogo, "nimeitwa timu ya taifa."

Zipu ile niliitia kinyume. Mteja alipokuja nikamweleza sababu, akacheka, akasema sketi ataivaa hivyo hivyo.

Mechi yake ya kwanza ya kimataifa tuliiangalia kwangu, baba, mama na majirani, sebule imejaa mpaka mlangoni. Kipindi cha pili aliruka kupiga mpira wa kichwa pamoja na mshambuliaji wa timu pinzani. Wote wawili wakaanguka. Mwenzake akainuka. Mdogo wangu hakuinuka. Tukaona refa anaita kwa mkono, tukaona machela inaingia, na hapo hapo umeme ukakatika.

Chanji yote ikawa kimya, kisha watu wakaanza kulalamika nyumba kwa nyumba. Sisi hatukulalamika. Nilipiga simu yake, ikaita mpaka ikakata, nikapiga tena. Mama akatoka uani, akaingia, akatoka. Akafungua sufuria iliyokuwa jikoni, akaifunika. Baba akamwambia, "Mke wangu, kaa chini," mama akamtazama kana kwamba baba amemtukana.

Giza lilipokwisha kuingia ndipo mdogo wangu alipopiga mwenyewe. Alikuwa anakula. Tulimsikia akitafuna. Ameshonwa kidogo juu ya jicho, akasema, si kitu, na simu ilikuwa kwenye begi muda wote. Akacheka. Mama hakucheka.

"Sitaangalia tena," alisema. "Mtaniambia ikishaisha."

Na kweli hakuangalia. Kila ilipochezwa mechi alikwenda shambani. Kwetu tunafukia majani kwenye matuta wakati wa mvua ili yaoze yawe mbolea, na mama alifukia majani mengi mno mwaka ule. Alifukia hata mahali ambapo baba alitaka papumzike. Baba alikuwa na redio yake mkononi, na mama alimwamuru akae nayo mbali.

Kisha ikaja mechi ya marudiano ya kutafuta nafasi ya kwenda mashindano ya Afrika. Ya kwanza tulikuwa tumeshinda nyumbani, moja bila. Ya pili ilikuwa ugenini, Afrika Magharibi, na iliangukia Jumapili. Hilo ndilo lililomponza mama, maana Jumapili hashiki jembe. Baada ya misa alikuja kwangu na baba, akaosha vyombo vyote, vilivyokuwa vichafu na vilivyokuwa safi. Wimbo wa taifa ulipoanza kupigwa kwenye televisheni na nyuso za wasichana wetu kupita moja moja, akafunga kitenge chake vizuri.

"Nakwenda kununua chumvi," akasema.

"Chumvi ipo, mama."

"Haitoshi."

Nilimfuata. Sijui kama nilimfuata kwa ajili yake au kwa ajili yangu. Nilipofikiria kukaa kwenye kochi muda wote ule nikaona heri nitembee.

Dukani hakuingia. Alipita kama hakuliona, akashika barabara, mimi nyuma yake. Ardhi ilikuwa imelowa mvua ya jana na upepo wa huku kwetu ulikuwa baridi. Kwenye genge la kwanza mwanamke alikuwa anauza nyanya huku redio ndogo ikipiga kelele kwenye meza. Mtangazaji alikuwa anakimbizana na maneno yake mwenyewe. Mama akasimama, akashika nyanya moja, akaibonyeza.

"Shikamoo mama," yule muuzaji akamwamkia.

"Marahaba. Mpira unaendeleaje?"

"Bado hawajafungana."

"Yule wa kushoto, amesimama?"

Muuzaji hakuelewa. Mimi nikamweleza kwamba beki wa kushoto ni mtoto wake. Yule mwanamke akaweka mkono kifuani, akaongeza sauti ya redio, akataka kutupa kiti. Lakini mama alikuwa amesharudisha nyanya na kuondoka.

Tulikwenda hivyo. Kutoka nyumba moja tulisikia watu wakiguna pamoja, na mama akaharakisha. Kutoka nyingine mtu alipiga makofi, akapunguza mwendo. Alikuwa akisoma mechi kutoka kwenye kuta za watu. Mkono wake mmoja ulikuwa ndani ya kitenge na nilijua umeshika rozari, ingawa midomo yake haikutulia hata kumaliza Salamu Maria moja.

Kwenye kijiwe cha bodaboda vijana walikuwa wameinamia simu moja. Kabla hatujawafikia, mmoja akashika kichwa na mwingine akapiga teke tairi la pikipiki yake.

"Kuna nini?" mama akauliza.

"Shikamoo mama. Tumefungwa. Moja."

"Yule wa kushoto amesimama?"

"Nani, mama?"

"Beki wa kushoto. Ana kovu hapa." Akagusa juu ya jicho lake mwenyewe.

Kijana akaangalia simu, akaisogeza karibu na uso. "Yupo, mama. Amesimama. Tena anawagombeza wenzake."

"Asante, mwanangu."

"Mama, unamfahamu?" akauliza mwenzake. Lakini tulikuwa tumekwisha kuvuka barabara.

Nilianza kumkasirikia. Viatu vyangu vilikuwa vya misa, vimejaa tope, na tulikuwa tunaacha mji nyuma. "Mama, unakwenda wapi?" nikamuuliza.

"Sijui."

"Basi turudi."

"Nikirudi nitakaa. Nikikaa nitaangalia. Wewe rudi."

Sikurudi. Mbingu ikakata shauri kwa niaba yetu. Mvua ya nyanda za juu haibishi hodi. Ilishuka yote kwa pamoja, na mahali pekee penye paa karibu yetu palikuwa kibanda umiza, kile cha mabati wanachoonyeshea mpira, kimejaa wanaume. Mama hakuwahi kuingia mahali kama pale. Alisimama mlangoni, maji yakimchuruzika, mpaka mtu mmoja akageuka akasema, "Jamani, mpisheni mama," nao wakabanana, wakamwachia nafasi mwisho wa benchi. Hakukaa. Alisimama nyuma ya benchi, akaushika mgongo wake kwa mikono yote miwili.

Kwa hiyo tukaiona. Mpira ulikuwa kwao, upande wa kushoto wetu. Winga wao, msichana mwembamba mwenye nywele zilizosukwa kwa nyuzi nyeupe, alimpita kiungo wetu na kuanza kuchanja mbuga. Mdogo wangu akatokea. Sijui alitokea wapi. Alijirusha ardhini kwa mguu mmoja, na yule msichana akaruka hewani, akaangukia bega, akabiringika mara mbili na kulala.

Kibanda kikalipuka. "Hapo sawa!" "Mpeleke chini!" Refa akatoa kadi ya njano. Mdogo wangu alisimama juu ya yule msichana, mikono kiunoni, akimfokea refa maneno ambayo tulishukuru hatuyasikii.

Nilimtazama mama. Nilitegemea kuona amefarijika, maana mtoto wake alikuwa amesimama, tena imara. Lakini mama alikuwa amefunika mdomo.

"Kumbe yeye ndiye anayeumiza watoto wa watu," akasema.

Wanaume wawili wa mbele wakageuka.

"Mama, ni mpira," mmoja akasema kwa upole. "Asingefanya vile, tungefungwa."

"Na mama yake yule yuko wapi sasa hivi?"

Kwenye televisheni yule winga alikuwa bado chini, ameshika bega, na daktari wao anakimbia na mkoba. Mwaka mzima nilikuwa nimemwona mama akimwogopea mtoto mmoja tu. Sasa hofu ile ilikuwa na watoto wawili. Yule msichana alipoinuka, akainama, kisha akakimbia polepole kurudi uwanjani, mama alisema "Asante Yesu" kwa sauti ambayo kibanda kizima kiliisikia, na watu waliokuwa wakimshangilia beki wetu wakanyamaza kidogo kwa aibu.

Mechi ikaisha moja bila, yao. Jumla sare. Wakaenda moja kwa moja kwenye penalti.

Hapo mama akashindwa. Akatoka nje, akasimama chini ya ukingo wa bati ambako mvua ilikuwa bado inamrushia. Mimi nikabaki mlangoni, nusu ndani, nusu nje. Picha ilikuwa inaganda kwa sababu ya mvua, inarudi, inaganda tena. Kila mpigaji wetu alipotenga mpira niliona mgongo wa mdogo wangu katikati ya mstari wa wachezaji, mikono imewakumbatia wenzake wa kulia na kushoto, na mguu wake mmoja ukikanyaga nyasi, ukikanyaga, ukikanyaga. Yeye hakupangwa kupiga. Penalti ya mwisho ya wapinzani ilipopigwa, picha ikaganda mpira ukiwa hewani, kipa wetu ameelea upande mmoja.

Mwanamume mmoja akapanda kwenye kiti kutikisa waya. Mwingine akatukana king'amuzi. Na mimi nikasikia simu yangu ikiita. Alikuwa baba.

Hakusema halo. "Kipa amedaka!" alikuwa akipiga kelele, baba yangu ambaye hapigi kelele. "Amedaka! Mwambie mama yako tunakwenda!"

Nilipiga yowe ndani ya kibanda, na kibanda kikanipokea. Nilikumbatiwa na watu nisiowajua, mmoja ana harufu ya samaki wa kukaangwa, mwingine analia waziwazi. Nilipotoka nje mama alikuwa amesikia. Alikuwa anatabasamu, lakini tabasamu lenyewe halikutulia mahali.

"Wameshinda?"

"Wameshinda, mama. Wanakwenda mashindano ya Afrika."

"Kwa hiyo atacheza tena."

"Atacheza tena."

Akavuta pumzi ndefu, akafunga kitenge upya. "Haya," akasema, na tukaanza kurudi, ingawa mvua haikuwa imekatika.

Mdogo wangu alipiga simu jioni ile, nyuma yake kuna ngoma na vifijo. Baba akaongea kwanza, kisha mimi, kisha nikaweka spika nikampa mama simu. Mama hakumpongeza.

"Yule msichana uliyemwangusha," akamwambia. "Bega lake likoje?"

"Mama, uliangalia?"

"Nimekuuliza bega."

"Limevimba tu. Nilimfuata chumbani kwao baada ya mechi. Tumebadilishana jezi."

"Ulimpa pole?"

"Hatuelewani lugha, mama. Nilimshika mkono."

"Inatosha," mama akasema, akanirudishia simu.

Huko kwenye mashindano yenyewe hawakufika mbali, walitolewa kwenye hatua ya makundi, na mama aliziangalia mechi zote akiwa amesimama mlangoni kwangu, mguu mmoja ndani na mmoja nje. Mdogo wangu alikuja nyumbani wakati wa kuvuna ulezi, na jezi ya yule msichana ndani ya begi. Mama aliifua, ingawa ilikuwa safi, akaianika uani peke yake. Jirani akauliza mbona rangi hiyo si ya timu yetu.

"Ni ya mtoto wa mwenzangu," mama akamjibu.

Nilikuwa nao shambani siku ya mwisho kabla hajarudi kambini. Walikuwa wakikata masuke kwa visu, bega kwa bega. Mdogo wangu hawezi kukaa na mstari mmoja. Anakata hapa, anaruka pale, na mama vivyo hivyo, kiasi kwamba baba aliyefuata na kikapu alichoka kuwafuata.

"Utaacha lini?" mama akauliza bila kuinua kichwa.

"Kuvuna?"

"Unajua ninachouliza."

Mdogo wangu akafikiri. "Sijui, mama. Nikiwa pale uwanjani ndipo mahali pekee ninapotulia."

Mama aliendelea kukata. Niliona amelisikia, na niliona limemuuma, kwa kuwa yeye mahali pake pa kutulia hajapaona bado. Kesho yake mdogo wangu alipanda basi alfajiri. Nilikuwa na sare za shule za kushona, wateja wanasubiri. Nilikaa kwenye cherehani, nikaweka mguu kwenye pedali, nikauondoa. Mwishowe nikafunga kibanda nikaenda sokoni, na sikuwa na kitu cha kununua.